Bati la Kailo na Wekundu wa Joho

Msafiri atokaye Kindu kwenda Kailo, katika jimbo la Maniema, huingia nchi ya Wasongola ambayo vijito vyake, vikielekea mto Lualaba, vimekuwa kwa miaka mingi vikichekechwa na watu watafutao mchanga mweusi mzito. Mchanga huo ni wa namna mbili zinazofanana machoni na kutofautiana kabisa kwa tabia: mmoja ni kasiterite, yaani bati lililoungana na oksijeni, na wa pili ni wolframiti, ambamo metali ya wolframu imekaa pamoja na chuma na manganisi. Uzito wa kila mmoja ni takriban mara 7 ya uzito wa maji, ndiyo maana mchimbaji mwenye karai na kijito aweza kuuacha mchanga mwepesi uchukuliwe na mkondo na kubakiza kilicho kizito. Na akitaka kutenga hiki na kile hutumia sumaku, kwa kuwa wolframiti huvutwa nayo kidogo, ilhali kasiterite haivutwi hata chembe.

Ukimwuliza mchimbaji huyo mzigo wake waenda kufanya nini huko ng'ambo, aghalabu atakujibu kwamba bati huunganisha nyaya za ndani ya simu na redio, na jibu hilo ni sahihi, maana takriban nusu ya bati lote la ulimwengu siku hizi huishia katika kulehemu vyombo vya umeme. Lakini bati lina kazi nyingine, kongwe kuliko simu na redio, ambayo imesahauliwa hata na wale walioifaidi, nayo ni kuishikiza rangi katika nguo ili isitoke kwa maji wala isififie upesi kwa jua. Muradi wa makala haya ni kuieleza kazi hiyo, ya bati na ya ndugu zake chuma, alumini na kromi, kwani uimara wa rangi, ambao wengi wetu hudhani ni siri ya miti na majani, kwa hakika ni jambo la madini, na nchi ya Maniema ina ushahidi wa hayo kuliko nchi nyingi.

Mtu achemshaye magome au mizizi akatumbukiza kitambaa ndani yake hupata nguo yenye rangi. Shida yake huanza siku ya kufua. Molekuli za rangi nyingi za mimea zina vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyovutana na maji, na nyuzi za pamba, ambazo asili yake ni selulosi, hazina mahali pa kuzishika kwa nguvu. Basi kila maji yapitapo huondoka na sehemu ya rangi, na jua nalo huiharibu iliyobaki. Zipo rangi zisizohitaji msaada, na iliyo mashuhuri kwetu ni nila, iliyotia weusi wake wa buluu katika kaniki. Ila nila ina hila yake yenyewe, kwani huingia ndani ya uzi ikiwa imeyeyuka, kisha hewa huigeuza ikawa chembe isiyoyeyuka tena. Rangi nyingine nyingi hazikujaliwa hila hiyo.

Mfano ulio bora wa rangi iliyokosa msaada upo Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, kusini ya Kindu. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa huko akingoja mitumbwi asiyoipata, karatasi na wino vikiwa vimemwishia. Akachukua gazeti la London liitwalo The Standard, la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika shajara yake kwa kuikatiza mistari iliyopigwa chapa, na wino wake ulikuwa maji mekundu ya mbegu za mzingifuri, mti wenye asili ya Amerika ambao siku zile ulikuwa umekwisha kuenea katika nchi za joto. Katika karatasi hizo ndimo alimoandika aliyoyaona tarehe 15 Julai mwaka ule, siku watu wa misafara ya biashara walipoufyatulia bunduki umati uliokuwa sokoni, wengi wao wakiwa wanawake, nao wakajitupa mtoni wakazama. Ni ushahidi mzito kuliko wote aliouacha, naye aliuandika kwa wino dhaifu kuliko wote aliowahi kutumia.

Rangi ya mbegu za mzingifuri ni molekuli ndefu iitwayo biksini, ambayo wekundu wake watokana na mnyororo wa kaboni zilizofungamana kwa vifungo vya kupishana, kimoja maradufu na kingine cha pekee. Na mnyororo wa namna hiyo ni chakula chepesi cha mwanga na hewa. Hapakuwa na metali ya kuilinda. Kurasa zikafifia hata sehemu kubwa yake haikusomeka, na ilikuwa mwaka 2011 tu ndipo wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki walipoitoa shajara hiyo, baada ya kuzipiga kurasa picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, tangu ile iliyo juu ya zambarau hata ile iliyo chini ya nyekundu isiyoonekana kwa jicho. Masizi ya wino wa kiwanda humeza mwanga ule wa chini ya nyekundu, ilhali rangi ya mmea huuachia upite. Kwa tofauti hiyo mashine ya kompyuta iliweza kutenga chapa ya gazeti na mwandiko wa mkono.

Lau Livingstone angalikuwa na wino wa kawaida wa Ulaya wa zama zile, habari ingalikuwa nyingine. Wino huo ulifanywa kwa kuchanganya maji ya vinundu vya mti wa mwaloni, yenye tanini nyingi, na salfeti ya chuma. Ulipoandikwa ulikuwa hafifu, kisha hewa ikautia weusi ndani ya karatasi yenyewe, na weusi huo umesimama karne nyingi. Tanini na chuma, vyote viwili, vilikuwa vimejaa katika ardhi aliyoikalia: chuma katika udongo wake mwekundu, na tanini katika magome ya msitu. Simlaumu, mtu mwenye homa na vidonda vya miguu ana udhuru wa kuokota mbegu zilizo karibu. Wenyeji wa bonde la Kongo, hata hivyo, walikuwa na maarifa hayo pasina kuhitaji mwaloni wa Ulaya.

Soko la Nyangwe alilolieleza lilikuwa na samaki, chumvi, mawese, vyungu, na nguo zilizofumwa kwa nyuzi za mwale, mtende wa kinamasini ambao ngozi ya makuti yake machanga huchunwa ikatoka uzi laini. Nguo za mwale zilizojipatia sifa kubwa ulimwenguni ni zile za Wakuba wa Kasai, ambao hutumia unga mwekundu wa mti wa tukula kwa wekundu, na kwa weusi hutumia mimea pamoja na matope. Matope hayo ndiyo yanayotuhusu. Kwa mujibu wa sanaa hii, iliyoenea pia Mali ambako nguo ya pamba hulowekwa kwanza katika maji ya majani ya mti wa n'gallama, uzi hutangulizwa katika maji ya magome au majani makali hata ukashiba, kisha hupakwa au kufukiwa matope ya kinamasi, ukaachwa, ukaoshwa, ukaanikwa. Na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa, kila mara weusi ukizidi kukolea.

Yafaa tukae kidogo katika matope haya, maana kemia yote ya vishikizi, yaani metali zinazoishikiza rangi, imo humo. Udongo mwekundu wa nchi zetu una chuma kilichokwisha kupoteza elektroni tatu, ambacho kwa desturi hakiyeyuki katika maji, na kwa hiyo hakiingii ndani ya uzi hata ungelikanda nguo kutwa nzima. Lakini chini ya kinamasi hakuna hewa, na vijidudu vinavyoishi humo, vikikosa oksijeni ya kupumulia, hukirudishia chuma hicho elektroni moja. Chuma kikabaki kimepoteza mbili tu, na chuma cha hali hiyo huyeyuka. Ndiyo sababu mtia rangi mzoefu huchagua matope yanukayo vibaya, kwani harufu ile ni dalili kwamba hewa haikufika hapo. Chuma kilichoyeyuka hupenya katika uzi, hukutana na tanini iliyotangulia, na nguo ikitolewa nje, oksijeni ya hewa hukinyang'anya tena elektroni ile ya tatu. Hapo chuma na tanini hufungamana vikawa kitu kimoja cheusi, kisichoyeyuka, kilichozaliwa ndani ya uzi na ambacho ni kikubwa mno kuweza kutoka kwa njia iliyoingilia.

Tanini ni jamii ya molekuli kubwa ambazo pembezoni mwake zimejaa jozi za oksijeni zilizokaa jirani, na jozi hizo ndizo siri ya mambo yote. Atomu ya oksijeni ina elektroni za ziada isizozitumia, na ioni ya metali ina nafasi tupu zinazotamani elektroni hizo. Basi oksijeni mbili zikaazo jirani huikamata metali pamoja, kama koleo la mhunzi likamatavyo chuma kwa mataya yake mawili, na mshiko wa oksijeni mbili ni thabiti zaidi sana kuliko mshiko wa moja, kwa kuwa mmoja ukilegea wa pili bado umeshika na wa kwanza hupata wasaa wa kurudi. Chuma kina nafasi 6 za namna hiyo kukizunguka. Baadhi hujazwa na tanini au rangi nyingine, na baadhi hujazwa na oksijeni za uzi wenyewe, au za tanini iliyokwisha kugandamana na uzi. Hivyo metali husimama katikati, mkono huu umeshika rangi na mkono ule umeshika nguo. Kitu hicho cha jumla, metali pamoja na vilivyoizunguka, wanakemia hukiita kompleksi.

Aliyeyafumbua haya alikuwa Alfred Werner, aliyezaliwa mwaka 1866 katika mji wa Mulhouse, ambao viwanda vyake vya kupiga chapa nguo za pamba vilikuwa na sifa Ulaya nzima. Mwaka 1893, akiwa hajatimiza bado miaka 27, alitoa rai kwamba metali katika chumvi zake za ajabu ina washirika wa namna mbili: wale wanaosawazisha chaji yake, na wale wanaokaa kuizunguka kwa idadi maalumu na kwa umbo maalumu, mara nyingi 6 katika pembe za umbo la pande 8. Wazee wa elimu walimpinga muda mrefu, naye akawajibu kwa kutengeneza chumvi moja baada ya nyingine zilizotii utabiri wake, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwaka 1908 aliigeukia mada ya rangi zishikizwazo kwa metali, akaonyesha kwamba rangi zifaazo kazi hiyo ni zile zenye vikundi viwili vilivyokaa mahali panapoziwezesha kuikumbatia metali kwa pande mbili na kuifunga ndani ya pete. Mtia rangi wa kijijini alikuwa anajua kwa uzoefu mti gani washika na upi hausihi; Werner ndiye aliyempa sababu.

Kutokana na msingi huo tunaweza kufahamu jambo lililomshangaza Pliny wa Roma katika karne ya kwanza, alipoandika kwamba Wamisri hupaka kitambaa dawa zisizo na rangi, wakakitia katika sufuria moja ya rangi moja, kikatoka na rangi nyingi. Dawa zile zilikuwa chumvi za metali mbalimbali. Mafundi wa Kutch, huko Bara Hindi, wamefanya hivyo tangu kale: kwa vibao vya mbao vilivyochongwa hupiga chapa ya shabu, yaani chumvi ya alumini, iliyochanganywa na gundi mahali panapotakiwa wekundu, na mahali panapotakiwa weusi hupiga maji ya vyuma vikuukuu vilivyolowekwa pamoja na sukari guru hata vikachacha, kisha nguo nzima huchemshwa katika sufuria moja yenye alizarini, ambayo ni rangi ya mizizi iliyotumika Asia na Ulaya kwa maelfu ya miaka. Palipo na shabu hutoka pekundu, palipo na chuma hutoka peusi penye zambarau, palipo na vyote viwili hutoka rangi ya kahawia, na palipo patupu rangi huoshwa ikaondoka. Wanawake wa mwambao waliozoea kuvaa vitambaa vya wekundu, weusi na weupe vilivyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Kihindi, na baadaye kisutu kilichofuata kawaida hiyo ya rangi tatu, walikuwa wamevaa somo zima la kemia.

Kwa nini metali ibadilishe rangi ya kitu kilicho kile kile? Rangi tunayoiona ni mwanga uliobaki baada ya molekuli kumeza sehemu yake, na molekuli humeza mwanga kwa kuzipandisha daraja elektroni zake. Ioni ya alumini haina elektroni za nje za kuchezea. Huikaza molekuli, huyavuta kidogo madaraja yake, na kuuacha wekundu wa alizarini ung'ae. Chuma ni tofauti, kwani kina elektroni zake na nafasi zake, na elektroni za tanini au alizarini zaweza kurukia kwake kwa kumeza mwanga wa karibu kila rangi, ndipo jicho likaona weusi. Bati halina tabia hiyo ya chuma. Lafanana na alumini kwa kutokuwa na rangi, ila lina chaji na nguvu ya kuvuta iliyo kubwa zaidi, na matokeo yake ni rangi zilizo kali na zing'aazo kupita zote.

Hapa ndipo turudipo kwa bati. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Unguja kwenda Ujiji na Maniema ilichukua vitambaa kama fedha: merikani, kaniki, bendera, yaani pamba nyekundu, na joho, ambalo ni kitambaa kizito cha sufu, aghalabu chekundu au cha buluu, kilichowastahili wakubwa. Wekundu bora wa pamba ulikuwa ule wa alizarini uliojifunzwa na Wafaransa kutoka dola ya Waturuki katika karne ya 18, kazi ndefu yenye mafuta, shabu na chokaa, ambamo kalsiamu ya chokaa na alumini ya shabu hushirikiana kuzishika molekuli za alizarini. Na tangu Juni 1869, Carl Graebe na Carl Liebermann wa Ujerumani walipoandikisha njia ya kuitengeneza alizarini kwa lami ya makaa, siku moja tu kabla ya William Perkin wa Uingereza, mizizi haikuhitajika tena, bali shabu ilihitajika vile vile. Wekundu bora wa sufu ulikuwa na asili nyingine. Ulitoka kwa mdudu wa Meksiko aishiye juu ya mpungate, ambaye hukaushwa na kusagwa, na kilo moja huhitaji wadudu 150,000 hivi. Kwa shabu, mdudu huyo hutoa wekundu unaoelekea zambarau. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyezaliwa Alkmaar mwaka 1572 na kuishi London, aligundua, na husimuliwa kwamba ilikuwa kwa bahati, kuwa bati lililoyeyushwa katika asidi kali likidondokea maji ya mdudu huyo huyageuza wekundu mkali unaowaka. Wakwe zake, ndugu wa ukoo wa Kuffler, wakafungua kiwanda cha kutia rangi hiyo huko Bow, karibu na London, na wekundu huo ukawa wa makoti ya maofisa wa Kiingereza na wa majoho ya wakuu.

Sidai kwamba joho la mtu yeyote wa Nyangwe lilitiwa rangi kwa bati la Maniema, taarikhi haikubali. Bati la Drebbel lilikuwa la zama ambazo Uingereza ilichimba lake huko Cornwall, na kampuni ya Symétain, iliyofanya kazi kubwa ya kuchimba bati la Maniema ikiwa na makao yake Kalima, iliundwa mwaka 1932, wakati rangi za viwandani zilipokuwa zimekwisha kumfukuza mdudu wa Meksiko. Lakini zama hizo bati lilikuwa na kazi nyingine katika nguo, isiyo ya heshima sana. Hariri mbichi ikifuliwa utomvu wake hupoteza takriban robo ya uzito, na kwa kuwa hariri iliuzwa kwa uzito, wenye viwanda waliiloweka katika kloridi ya bati, kisha katika fosfeti, kisha katika silikati, mara baada ya mara, hata uzi ukarudishiwa uzito wake na kuzidishiwa. Mnunuzi alipata kitambaa kilichoanguka vizuri mwilini, na alikuwa amenunua bati kwa bei ya hariri. Matokeo yake, magauni mengi ya hariri hiyo ya tangu mwishoni mwa karne ya 19 hata miaka ya 1930 yaliyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya yanapasuka yenyewe kwa mistari mirefu, pasina mtu kuyagusa.

Bati huikausha hata sufu, na mtia rangi mwangalifu hulitia kwa kiasi cha sehemu moja au mbili tu katika mia ya uzito wa nguo. Chuma nacho kina adhabu yake: kikizidi huchochea oksijeni iule uzi polepole, ndiyo maana katika nguo kuukuu nyingi, za Afrika na za kwingineko, sehemu nyeusi ndizo hutoboka kwanza, zile nyekundu zikiwa bado nzima. Nguo ya mwale iliyofukiwa matope ina weusi usiotoka, lakini haina umri mrefu.

Kuhusu wolframiti ya Kailo, ambayo siku hizi husakwa kwa ajili ya vyuma vigumu vya kukatia, nayo imekuwa na shughuli zake katika nguo na rangi. Katikati ya karne ya 19 chumvi ya wolframu na sodiamu ilitumika kuzuia nguo nyepesi za wanawake zisishike moto. Baadaye asidi ya fosforasi na wolframu ikaonekana kuwa yaweza kuzikamata rangi zenye chaji chanya, zile ambazo hung'aa sana na kufifia upesi, na kuzigeuza unga usioyeyuka wa kutilia wino wa kupigia chapa. Hapo mpango umegeuka, maana metali iko katika upande hasi na rangi katika upande chanya, ila jambo ni lile lile: rangi pweke hupotea, rangi iliyofungwa kwa metali hukaa.

Viwanda vya karne ya 20 vilipenda kromi kuliko metali zote, kwani kompleksi zake hazifunguki kwa urahisi, wala kwa sabuni wala kwa jua. Mtia sufu alitumia dikromati ya potasiamu, na humo mna kromi ya chaji 6, ambayo ni sumu na huleta saratani. Kwa hiyo wanakemia wakaona ni heri kompleksi itengenezwe kabisa kiwandani, kwa kromi ya chaji 3 au kwa kobalti, metali ambayo Katanga ina hazina yake kubwa, kisha rangi iuzwe ikiwa na metali yake ndani. Shaba ikapata cheo chake pia. Mwaka 1928, huko Grangemouth katika Scotland, chombo kilichoharibika kiliruhusu chuma chake kiungane na kemikali zilizokuwa zikichemka ndani, pakatoka kitu cha buluu ambacho hakuna aliyekitarajia. Chuma kilipobadilishwa kwa shaba ikapatikana buluu imara mno, na ndugu zake wamo katika feruzi ya vitenge vingi vinavyovaliwa leo Kindu na Kisangani.

Atakaye kujaribu haya nyumbani hahitaji kromi wala bati, na namshauri asivitafute. Ahitaji shabu, ile ile inayouzwa madukani kwa kunyolea na kusafishia maji, na misumari yenye kutu iliyowekwa katika siki kwa wiki mbili katika chupa isiyozibwa kwa nguvu. Pamba na mwale, kwa kuwa haviipendi metali, vitangulizwe usiku kucha katika maji ya moto yaliyochemshiwa majani ya mpera au maganda ya komamanga, yenye tanini ya kutosha. Kisha kwa kila gramu 100 za nguo kavu aweke gramu 15 za shabu katika maji ya moto yasiyochemka, aiache nguo saa moja, aikamue, ndipo aitie katika rangi. Sufuria isiwe ya kupikia chakula, wala isiwe ya chuma kitupu kama hatafuti weusi, kwa kuwa chuma cha sufuria hujitia kishikizi chenyewe bila kuombwa na kuifubaza rangi yote. Maji ya misumari yatiwe kidogo kidogo mwishoni, kwani yakimiminwa kwa pupa hukausha uzi, na nguo ioshwe hata maji yatoke meupe.

Ajuaye kupima asikubali maneno, yawe yangu au ya mtu mwingine. Akate vipande vitatu vya kitambaa kimoja, kimoja kisiwe na metali, cha pili kiwe na shabu, cha tatu kiwe na chuma. Avitie katika sufuria moja ya rangi, avifue kwa sabuni, kisha avianike juani wiki mbili, nusu ya kila kipande ikiwa imefunikwa kwa karatasi nene, na mwisho wa muda huo afunue karatasi na kulinganisha nusu kwa nusu.